Fazi Ifutikayo na Fazi Isiyofutika

Mtu wa Mwambao akiitazama saa yake asubuhi, akauona mshale mfupi umeelekea tarakimu ya 8, husema bila kusita kwamba ni saa mbili. Jicho lake lasoma tarakimu moja na ulimi wake wataja ile iliyoikabili ng'ambo ya duara, na baina ya hizo mbili pana nusu ya mzunguko kamili, yaani nyuzi 180. Mgeni hustaajabu, lakini wenyeji hawapati hasara yoyote kwa desturi hiyo, kwa kuwa wote wameukubali mzunguko ule ule, na mwenye kualikwa karamu ya saa nne hali sasa ni saa mbili atangoja muda ule ule, ihesabiwe siku tangu macheo au tangu usiku wa manane. Taabu huzuka pale tu ambapo mmoja asoma kwa desturi hii na mwenziwe kwa desturi ile katika shughuli moja. Hapo nusu ya duara huacha kuwa namna ya kusema ikawa tukio: mmoja amefika na mwingine hayupo.

Nimeanza na saa kwa kusudi. Katika elimu ya chembe liko jambo ambalo maulamaa wa fizikia aghalabu hulitaja kwa sentensi moja na kupita, kwamba fazi fulani iliyomo katika potensheli yaweza kumezwa ndani ya uga ikatoweka; nami naona sentensi hiyo yastahili kusimamishwa na kuulizwa, imemezwa na nani, kwa haki gani, na baada ya kumezwa imekwenda wapi. Hoja yangu ni kwamba hakuna fazi iwezayo kuhukumiwa peke yake. Kinachohukumiwa ni hesabu nzima, ya fazi zilizomo na ya uhuru tulio nao wa kuzizungusha nyuga. Ile iliyofutika ilikuwa ya mwandishi tangu mwanzo, wala haikuwa ya dunia, na ile iliyobaki baada ya uhuru wote kutumika ndiyo mali ya dunia, nayo hutenda mambo yanayopimika.

Katika nadharia ya uga wa kwanta, kila aina ya chembe ni mtikisiko wa uga ulioenea mahali pote na wakati wote, kama wimbi lilivyo mtikisiko wa bahari. Thamani ya uga katika kila nukta mara nyingi haiwi namba ya kawaida bali namba changamano, nayo yaweza kuchorwa kama mshale ulalao juu ya karatasi, wenye urefu na wenye mwelekeo. Mwelekeo huo, ukipimwa kwa nyuzi, ndio uitwao fazi. Potensheli nayo ni kanuni ituambiayo uga ulioshika thamani fulani una nishati kiasi gani, kama bonde na vilima vyake, na ombwe la ulimwengu ni pale chini kabisa ambapo uga hutulia. Vizidishi vilivyoandikwa ndani ya kanuni hiyo vyaweza navyo kuwa namba changamano, ila kwa kuwa nishati lazima iwe namba halisi, kila fungu lenye fazi huandamana na pacha wake ambaye fazi yake imegeuzwa upande wa pili, na jumla ya wawili hao huwa halisi daima.

Tutwae uga mmoja, tuuite φ, na potensheli yenye mafungu mawili yajaliyo mwelekeo: fungu la kipeo cha pili, ambalo kizidishi chake kina fazi ya nyuzi 60, na fungu la kipeo cha nne, ambalo kizidishi chake kina fazi ya nyuzi 150. Lau lingekuwapo la kwanza peke yake, kazi ingekuwa nyepesi, maana tungeuzungusha uga nyuzi 30 kurudi nyuma, na kwa kuwa kipeo cha pili huuhesabu mzunguko mara mbili, nyuzi zote 60 zingefutika, wala hakuna kipimo chochote duniani ambacho kingeonyesha kwamba ziliwahi kuwapo. Lakini uga ni mmoja na uhuru ni mmoja. Mzunguko ule ule wa nyuzi 30 huingia katika kipeo cha nne mara nne, ukaondoa nyuzi 120 na kuacha 30. Yamkini msomaji atadhani kwamba tumechagua vibaya, basi na ajaribu njia nyingine: auzungushe uga nyuzi 37 na nusu, ambazo mara nne ni 150, na fungu la kipeo cha nne litakuwa safi, lakini fungu la kipeo cha pili litakuwa limeondolewa nyuzi 75 hali lilikuwa na 60, likabaki na hasi 15. Sasa na achukue fazi ya fungu la nne atoe mara mbili ya fazi ya fungu la pili. Mwanzoni ni 150 kutoa 120, yaani 30. Kwa njia yetu ya kwanza ni 30 kutoa sifuri, nayo ni 30. Kwa njia yake ni sifuri kutoa hasi 30, nayo ni 30. Azungushe apendavyo usiku kucha, atazihamisha nyuzi hizo kutoka fungu hili hadi lile, au azigawe baina ya mafungu yote mawili, lakini tofauti ile haitabadilika hata kwa chembe ya uzi mmoja.

Na kwa nini mtu ajishughulishe na nyuzi 30? Kwa sababu kipo kioo ambacho mbele yake sheria za maumbile husimamishwa ili zijitazame, kioo kibadilishacho kila chembe kuwa chembe kinyume yake na kugeuza kulia kuwa kushoto, na katika kioo hicho kila kizidishi changamano huonekana katika sura ya pacha wake, yaani nyuzi 30 huwa hasi 30. Ikiwa fazi zote zisizofutika ni sifuri au 180, kuzigeuza hakubadilishi kitu, na maada na kinyume chake hufuata sheria moja. Ikibaki fazi nyingine yoyote, sheria zao huachana. Hapo ndipo suala lililoonekana kuwa la uandishi tu linapokuwa suala la kuwapo kwetu, nami nitalirejea.

Mfano nilioutoa si mchezo wa ubao. Potensheli ya Higgs iliyomo katika nadharia ya kawaida ya chembe, ile ambayo chembe yake ilitangazwa huko CERN tarehe 4 Julai 2012, ina uga wa namna moja, nayo hujali urefu wa mshale peke yake, hivyo haina pembe ya kuondolewa wala ya kubakia. Lakini mwaka 1973 Tsung-Dao Lee aliuliza ingekuwaje kama zingekuwapo nyuga mbili za jinsi hiyo. Potensheli yao huwa na vizidishi vinne vinavyoweza kuwa changamano. Kuzizungusha nyuga zote mbili pamoja ni sawa na mji mzima kusogeza saa zake kwa kiasi kimoja, hakuna kinachobadilika. Kuzungusha moja dhidi ya nyingine ndio uhuru wa kweli, nao waweza kumeza fazi moja. Mwenye pupa atasema basi zimebaki tatu. Hakika si hivyo, kwa kuwa nyuga hizo mbili zina sifa zile zile na zaweza pia kuchanganywa, kila moja ikatwaa sehemu ya mwenziwe, na mchanganyo huo una uhuru wake. Ukihesabiwa kwa uangalifu, namba 14 zilizoandikwa katika potensheli hupungua kuwa 11, na miongoni mwa hizo ni mbili tu zenye kuvunja ulinganifu wa kile kioo. Nalitaja hili kwa kuwa makosa mengi katika maudhui haya hayatokani na uzito wa hesabu bali na kusahau uhuru mmoja uliojificha.

Watafiti hupenda zaidi namna nyepesi ya potensheli hiyo, ambamo viwili kati ya vizidishi vinne vimezuiwa na ulinganifu fulani, vikabaki viwili: kimoja cha fungu lililounganisha nyuga mbili mara moja, na cha pili cha fungu lililounganisha mara mbili. Msomaji ambaye ametufuata atatambua kwamba huu ni mfano wetu wa kipeo cha pili na cha nne umevaa kanzu nyingine, na fazi isiyofutika ni ya kizidishi cha pili kutoa mara mbili ya fazi ya cha kwanza. Fauka ya hayo, Lee alionyesha jambo lililo zito kuliko hesabu yenyewe: hata vizidishi vyote vikiwa halisi, bila fazi yoyote iliyoandikwa, bonde la potensheli laweza kuwa na mashimo mawili ya chini yaliyo sawa, moja kwenye pembe fulani na la pili kwenye hasi ya pembe hiyo, na ulimwengu ukilazimika kutulia katika mojawapo, fazi huzaliwa na ombwe. Sheria ni safi mbele ya kioo, ilhali mahali tulipotulia si safi. Kwa sababu hiyo, aondoaye fazi katika vizidishi hajamaliza kazi mpaka atazame pia uga umetulia wapi.

Kwamba dunia kweli haijioni sawasawa katika kioo hicho kulijulikana miaka tisa kabla ya swali la Lee. Mwaka 1964 James Cronin na Val Fitch pamoja na wenzao, katika maabara ya Brookhaven huko Marekani, waliona kwamba chembe ziitwazo mesoni aina ya K zilizo na umri mrefu, ambazo zilipaswa kumeguka kuwa pioni tatu, humeguka kuwa pioni mbili takriban mara mbili katika kila elfu. Kiasi hicho ni kidogo, walakini kilitosha kuwapa wawili hao tuzo ya Nobel mwaka 1980, na kiliacha swali kwamba fazi ifanyayo hayo imekaa wapi, maadamu potensheli ya Higgs iliyo moja haina.

Jibu lilitoka Kyoto mwaka 1973. Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa, vijana wawili wakati huo, hawakutafuta nguvu mpya. Walifanya hesabu ya uhuru. Kwaki, chembe zilizomo ndani ya protoni, hupata uzito wake kwa kuungana na uga wa Higgs, na viungo hivyo ni namba changamano. Zikishapangwa vizuri, kinachobaki ni jedwali la namba lielezalo jinsi kila kwaki ya aina ya juu inavyobadilika kuwa kila kwaki ya aina ya chini. Kwa familia mbili za kwaki, zenye kwaki mbili kila moja, jedwali hilo lina pembe moja ya mchanganyo na fazi tatu, na kwaki nne zaweza kuzungushwa kila moja peke yake, ila kuzizungusha zote pamoja hakuhesabiwi, uhuru ukabaki tatu: fazi zote zafutika. Kwa familia tatu jedwali lina pembe tatu za mchanganyo na fazi sita, na uhuru ni sita kutoa moja, yaani tano. Sita kutoa tano ni moja. Fazi hiyo moja haina pa kwenda. Maabara za siku hizo zilikuwa zimezitambua kwaki tatu tu, nao, miongoni mwa njia kadhaa walizozipima, wakasema zikiwa sita jambo la Brookhaven laweza kuelezeka. Ya nne ilithibitika mwaka 1974, ya tano 1977, na ya sita 1995.

Ili kuona kwa nini fazi ya sita haifutiki, nitatumia bahari yetu. Tuseme bandari tatu, Lamu, Mombasa na Unguja, kila moja ina haki ya kuweka saa yake ipendavyo, bila kuziuliza nyingine. Nahodha ang'oa nanga Lamu kwa saa ya Lamu, afika Mombasa kwa saa ya Mombasa, akaandika tofauti katika daftari lake. Namba hiyo si muda wa safari. Ni muda wa safari uliochanganyika na desturi za bandari mbili, na mzee wa Mombasa akisogeza mshale wa saa yake, safari nzima yaweza kuandikwa kuwa sifuri, au hata kuonekana kwamba jahazi lilifika kabla ya kuondoka. Kadhalika safari ya Mombasa hadi Unguja. Lakini Kaskazi ikishakwisha na Kusi ikaja, nahodha akarudi Lamu, na ajumlishe namba zote tatu: saa ya Lamu imetolewa mara moja na kuongezwa mara moja, na vivyo hivyo saa ya Mombasa na ya Unguja, desturi zote zimelipana, na kilichobaki ni muda halisi aliokuwa baharini. Fazi ya kila namba katika jedwali la Kobayashi na Maskawa ni kama namba ya safari moja, yaweza kuandikwa utakavyo. Fazi ya mzunguko mzima, utokao kwaki moja kwa kupitia nyingine tatu na kurejea, haina mwenye kuibadilisha. Cecilia Jarlskog aliipa kipimo chake mwaka 1985, nacho kwa kwaki zetu ni takriban sehemu 3 katika 100,000. Waandishi wengine huiweka fazi katika namba ya pembeni mwa jedwali, wengine katikati, na mwanafunzi asomaye vitabu viwili huona vinagombana; havigombani, vimeziweka saa za bandari kwa namna mbili.

Yafaa kuongeza kwamba mzunguko wa namna hiyo upo hata katika familia mbili, illa hapo hauna la kusema. Sharti la jedwali ni kwamba mishale fulani ijumlishwe iwe sifuri, na mishale miwili haiwezi kujumlishwa ikawa sifuri isipokuwa imelala juu ya mstari mmoja ikielekeana. Mishale mitatu yaweza kufunga pembetatu yenye eneo. Eneo hilo ni nusu ya kipimo cha Jarlskog. Mwaka 2001 majaribio ya BaBar huko California na Belle huko Japani yalithibitisha, kwa mesoni aina ya B, kwamba pembetatu hiyo haikubonyea kuwa mstari, na mwaka 2008 Kobayashi na Maskawa walipewa nusu ya tuzo ya Nobel, nusu ya pili akipewa Yoichiro Nambu.

Hadi hapa nimesema kana kwamba kuzungusha uga ni haki isiyo na gharama. Katika nguvu kali, ile ifungayo kwaki ndani ya protoni, sivyo. Uga wa kwaki una mikono miwili, wa kushoto na wa kulia, na uzito wa kwaki huiunganisha. Fazi ya uzito yaonekana kuondoka kwa kuuzungusha mkono mmoja dhidi ya wa pili. Lakini nadharia ya kwanta hujumlisha njia zote ambazo uga ungeweza kupita, na mwaka 1979 Kazuo Fujikawa alionyesha kwamba kipimo chenyewe cha kujumlishia njia hizo hubadilika kwa mzunguko wa namna hii. Fazi iliyotolewa katika uzito haikufutika. Imetoka bega la kulia ikakaa bega la kushoto, yaani imeingia katika fungu la nguvu kali liitwalo theta. Jumla ya fazi mbili hizo ndiyo isiyobadilika, na jumla hiyo ingekuwa kubwa, umeme uliomo ndani ya nyutroni ungeelemea upande mmoja. Kipimo kilichotolewa mwaka 2020 huko Uswisi kilionyesha kwamba kuelemea huko, kama kupo, hakuzidi 1.8 × 10⁻²⁶ ya sentimita kwa chaji ya elektroni, ambako kwamaanisha pembe isiyozidi takriban 10⁻¹⁰. Fazi mbili zisizojuana, moja ya uzito na moja ya nguvu, zimelipana kwa usahihi wa ajabu, na nadharia ya kawaida haina sababu ya kutupa. Roberto Peccei na Helen Quinn walipendekeza mwaka 1977 kwamba pembe hiyo isiwe namba bali uga, ambao ukiachwa huteremka wenyewe hadi sifuri. Steven Weinberg na Frank Wilczek wakaona mwaka 1978 kwamba uga huo lazima uwe na chembe yake, ikaitwa aksioni. Mimi naliona pendekezo hilo kuwa zuri kuliko yote yaliyotolewa, kwa kuwa halifuti fazi kwa kalamu bali laipa dunia yenyewe njia ya kuifuta. Lakini aksioni haijapatikana.

Sasa nalirejea suala la kuwapo kwetu. Andrei Sakharov alieleza mwaka 1967 kwamba ili maada isalie baada ya kuteketezana na kinyume chake katika ulimwengu mchanga, ni sharti, pamoja na mengine, kile kioo kivunjike. Kilichosalia ni takriban protoni na nyutroni sita kwa kila fotoni bilioni kumi, nacho ndicho kilichofanya nyota, bahari na mwili wa msomaji. Fazi ya Kobayashi na Maskawa, kwa udogo wa kipimo chake, haitoshi hata kwa mbali kuzaa kiasi hicho. Ndiyo maana potensheli ya nyuga mbili ingali ikisomwa kwa bidii, na ndiyo maana vipimo vya kuelemea kama huko kwa umeme wa elektroni, ambavyo mwaka 2023 huko Colorado vilifikia kikomo cha 4.1 × 10⁻³⁰ ya sentimita kwa chaji yake, huibana potensheli hiyo mwaka hadi mwaka.

Imebaki nyutrino. Jedwali lake nalo ni la familia tatu na lina fazi sita. Lakini ikiwa nyutrino ni kinyume cha nafsi yake, uzito wake huwa kama lile fungu la kipeo cha pili tuliloanza nalo, ambalo hugeuka pamoja na uga, na uhuru wa kuizungusha nyutrino hupotea. Hubaki uhuru wa elektroni na ndugu zake wawili tu, na sita kutoa tatu ni tatu. Mojawapo yatafutwa katika nyutrino zinazobadilika aina njiani, kwa majaribio ya T2K huko Japani na NOvA huko Marekani. Nyingine mbili hulipana katika safari hizo kama saa za bandari, wala hakuna urefu wa safari utakaozifichua. Zingejulikana kwa mmeguko ambamo kiini cha atomu hutoa elektroni mbili bila nyutrino hata moja, na mmeguko huo haujathibitishwa na maabara yoyote.